Mke Mgeni Katika Nchi ya Mumewe

Mtakatifu Elisabeti, binti wa mfalme wa Hungaria, alizaliwa mwaka 1207. Angali mtoto wa miaka 4 alipelekwa kwa wakwe zake Thuringia, katika nchi ya Wajerumani, akajifunza lugha na desturi zao. Mwaka 1221 akaolewa na Ludwig.

Njaa ilipoingia mwaka 1226, Ludwig akiwa safarini Italia, Elisabeti alifungua ghala, akawagawia maskini nafaka. Wakubwa wa nyumba wakanung'unika. Ludwig aliporudi alimtetea mkewe. Ndivyo impasavyo mume aliyeoa mbali, maana mgeni hana ndugu karibu wa kumsemea.

Mwaka 1227 Ludwig akafa. Elisabeti hakurudi Hungaria. Alijenga hospitali mjini Marburg, akawauguza wagonjwa kwa mikono yake mpaka alipofariki mwaka 1231.