Delaware na ubashiri wa michezo

SWALI: Kwa nini Delaware, jimbo dogo la Marekani, liliruhusu ubashiri wa michezo mapema kuliko majimbo makubwa?

JIBU: Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992, iliyoyakataza majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, iliipa Delaware nafuu pamoja na Nevada, Montana na Oregon, kwa kuwa majimbo hayo yalikwisha kuwa na michezo ya aina hiyo; Delaware yenyewe iliendesha bahati nasibu ya mpira wa Kimarekani mwaka 1976. Hata hivyo, jimbo lilipojaribu kupanua wigo mwaka 2009, mahakama ya rufaa iliruhusu mkeka pekee, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa ambazo ni lazima zote zitimie, tena kwa mechi za NFL tu, ligi ya mpira wa Kimarekani.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoibatilisha sheria hiyo ya 1992 tarehe 14 Mei 2018, Delaware, ambayo tayari ilikuwa na sheria yake, wasimamizi wa bahati nasibu ya serikali na vituo vitatu vya mbio za farasi vyenye kasino, ilianza kupokea dau la mechi moja moja tarehe 5 Juni, ikiwa ya kwanza baada ya Nevada.