Gitaa la solo, metali na bibi mwenye vitunguu



Vijana wenzangu, somo la leo linaanzia kwenye gitaa. Mimi napiga solo kwenye kwaya ya vijana hapa Singida, na napenda roki. Tena sio kidogo. Nikitoka mazoezini jioni napanda juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu (Singida mawe hayajawahi kutuishia), naweka spika za masikioni na kusikiliza metali mpaka chaji iishe.

Sasa Dominika moja wakati wa matoleo nikajisahau. Nilikanyaga kile kifaa kinacholifanya gitaa likwaruze, nikapiga kama niko uwanja wa mpira. Bibi mmoja aliyekuwa anapeleka vitunguu vyake mbele akasimama katikati ya kanisa, hajui aendelee au arudi. Mwalimu wa kwaya akachomoa waya.

Baada ya Misa maneno yakawa mengi. Wengine walisema gitaa lenyewe lina pepo. Rafiki yangu wa karibu akaniambia nichague moja, metali au Komunyo. Nililala na maneno hayo wiki nzima, kisha nikaanza kusoma.

Wanaolaumiwa kuliko wote ni Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwandani. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya kubana mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye anatumia shoto, kwa hiyo huo ndio mkono unaobana nyuzi. Madaktari wakamwambia sahau gitaa. Msimamizi wake wa kazi akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua vidole viwili kwenye moto mwaka 1928 na bado akapiga. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akazivika ngozi. Akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka na kuwa nzito. Ule uzito tunaouita metali, sehemu kubwa umetoka kwenye vidole vya mtu aliyeumia. Mimi mwenyewe nilidhani umetoka kuzimu!

Tena aliyeandika maneno mengi ya nyimbo zao, Geezer Butler, alilelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Mwaka 1971 walitoa wimbo uitwao After Forever, unaowauliza wasikilizaji kwa nini wanaona aibu kumwamini Mungu. Na Iommi mwaka 2017 aliipa katedrali ya Kianglikana ya Birmingham wimbo wa kwaya uliotokana na Zaburi ya 133, ile ya ndugu kukaa pamoja kwa umoja.

Halafu kuna hili la “sauti ya shetani”. Wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza unatumia umbali wa noti ambao wataalamu wa zamani waliuita hivyo kwa Kilatini. Wanakwaya, chukueni solfa zenu. Ni umbali wa kutoka fa kwenda ti. Imbeni muone unavyogombana. Lakini sasa pigeni so, ti, re, fa kwa pamoja, halafu rudini do. Mmeisikia? Ndiyo ile sauti ya kinanda inapokaribia kufunga wimbo. Fa na ti zimo humo humo, na tunaipiga kila Dominika.

Ila tusidanganyane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Norwei vijana wa metali walichoma makanisa kweli. Zipo bendi zinazotukana msalaba waziwazi, na mimi nimezifuta kwenye simu. Nilisita kwenye bendi moja kwa sababu mpiga solo wake ni hatari, halafu nikasoma maneno yake kwa Kiswahili, polepole, kama naisomea familia yangu baada ya chakula. Nikafuta. Jaribu njia hiyo, inasaidia kuliko kubishana.

Swali la kanisani ni jingine, na hapa rafiki yangu alichanganya mambo mawili. Hati ya Mtaguso kuhusu Liturujia, Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, namba 120, inaupa ogani heshima ya pekee, na inaruhusu vyombo vingine kama vinafaa kwa matumizi matakatifu na mamlaka ya Kanisa mahali husika yamekubali. Maelekezo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanaongeza kuwa tuangalie utamaduni wa watu, lakini chombo ambacho watu wote wanakijua kuwa cha dunia tu kikae nje ya ibada. Ndiyo maana ngoma na kayamba vimeingia. Gitaa langu nalo limo. Lile kwaruzo, kwa watu wa parokia yetu, bado ni la ukumbini.

Kilichonichoma zaidi ni Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo, kitabu cha 10, anakiri kwamba kuna wakati uimbaji wenyewe ulimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na anakiita kosa. Nikajiuliza: siku ile ya matoleo nilikuwa namtolea nani? Nilikuwa natazama vidole vyangu. Jamani, hata ningekuwa na marimba, kosa lingekuwa lile lile.

Wiki hii soma Zaburi 133 na Wafilipi 4:8, halafu pitia nyimbo za kwenye simu yako ukiwa peke yako.

Mimi bado nasikiliza metali juu ya mawe. Kile kifaa kinabaki nyumbani. Jumamosi niliyofuata nilikwenda jumuiya ya yule bibi kumwomba radhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama siku ile nilikuwa naumwa.

“Hapana Bibi, nilikuwa na furaha.”

“Basi mjukuu wangu ungesema,” akajibu, “ningekusubiri umalize ndipo nipeleke vitunguu.”