Kipimo bado kinaonyesha malaria: je, dawa imeshindwa?

Msomaji wa Mlandizi ana mtoto wa miaka mitatu aliyemaliza dozi ya dawa mseto. Siku 12 baadaye joto likapanda tena. Zahanati ikampima kwa kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Mama anauliza: dawa imeshindwa, au kipimo kimekosea?

Huenda si hilo wala lile.

Kipimo hicho hakitafuti vimelea vyenyewe. Tone la damu ya kidole linapopanda kwenye kikaratasi, kinachosakwa ni protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea vya Plasmodium falciparum huimwaga ndani ya damu. Dawa mseto huua vimelea kwa siku chache, lakini protini yao huweza kuzunguka mwilini wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi. Moto umezimika, moshi bado umejaa jikoni.

Hatari kubwa iko hapa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa sababu si kila homa ni malaria. Mtoto huyu anaweza kuwa na nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo, huku mistari ile miwili ikimrudishia dawa mseto nyingine na ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Kwa hiyo mama amweleze mhudumu tarehe ya dozi ya mwisho, kisha aombe kipimo cha hadubini. Hapo damu hutandazwa kwenye kioo, hupakwa rangi, na mtaalamu wa maabara huviona vimelea kwa macho. Vikionekana, daktari ataamua dawa ya kufuata. Atauliza pia kama dozi zote 6 zilimezwa ndani ya siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na kama mtoto alitapika muda mfupi baada ya kumeza. Maambukizi mapya nayo yanawezekana: bonde la mto Ruvu, jirani na Mlandizi, lina maji na mbu, na chandarua kilichotoboka hakimkingi mtoto.

Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akilegea asiamke, asingojeshwe nyumbani hadi asubuhi. Apelekwe hospitali usiku uleule.