SOMO LA UFUMAJI: MASHINE YA SOKSI YA KUZUNGUSHA KWA MKONO



Chama kinaponunua mashine ya kufuma soksi, jambo la kwanza linaloulizwa mkutanoni ni jozi ngapi zitatoka kwa siku. Swali hilo lingefaa kungoja. Mwanafunzi anayeharakishwa huvunja sindano, na mashine iliyokosa sindano huishia kufunikwa gunia ghalani, fedha za wanachama zikiwa zimelala ndani yake.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Ni silinda ya chuma iliyochongwa mifuo wima pande zote, na katika kila mfuo husimama sindano yenye kulabu na kilimi kinachofunguka na kufunga. Mkono unapozungushwa, sindano hupandishwa na kushushwa moja baada ya nyingine. Kila moja hunasa uzi na kuuvuta kupitia kitanzi cha zamani. Silinda ya inchi 4½ aghalabu huwa na sindano 72 kwa uzi mwembamba, au 54 hadi 60 kwa uzi mnene zaidi. Uzi usiolingana na silinda huleta matatizo mengi ambayo mwanafunzi hudhani yametokana na mikono yake.

Kwa juma zima la kwanza afume bomba tupu, bila kisigino, kwa uzi wa mabaki. Uzi huo haupotei: hufumuliwa, na baadaye hutumika kuanzishia soksi. Mkono wa mashine ukiwa mzito ghafula asiulazimishe. Asimame atazame, huenda kilimi kimejifunga kabla ya wakati, au fundo la uzi limekwama.

Jambo linalopuuzwa mno ni uzito unaoning'inizwa chini ya kitambaa. Ukiwa mdogo, vitanzi vya zamani hupanda pamoja na sindano na kurundikana. Ukizidi, uzi hukatika. Tena kitambaa kinaporefuka uzito hushuka hadi sakafuni, na hapo hauvuti kitu. Hapana budi kuupandisha kila mara.

Mtihani hasa ni kisigino. Kwenye silinda ya sindano 72, sindano 36 za upande mmoja huinuliwa zisifanye kazi, na mashine huendeshwa kwenda na kurudi. Kila safari huinuliwa sindano moja ya pembeni, upande ule uliko uzi, mpaka zibaki 12 zinazofanya kazi. Kisha zilizoinuliwa hurudishwa moja moja hadi zitimie 36. Uzi ukilegea wakati wa kugeuza, tundu litatokea mahali pale pale mvaaji atakapolihisi. Ncha ya vidole hufumwa vivyo hivyo, kisha hushonwa kwa mkono.

Huko Marekani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ziliuzwa mashine kama hizi majumbani kwa ahadi kwamba soksi zitakazofumwa zitanunuliwa, mradi zitimize kiwango. Mwalimu mkuu anayeagiza soksi za wanafunzi wake naye hununua kwa sharti hilo hilo, hata kama halitamki. Kwa hiyo Katibu asipokee agizo la shule mpaka mfumaji atoe jozi kadhaa ambazo soksi zake mbili zina idadi moja ya mizunguko. Mashine isiyo na kihesabio, hesabu yake iwekwe kwa chaki ubaoni.

Sindano za akiba ziagizwe pamoja na mashine. Za mashine moja aghalabu hazikubali kuingia katika nyingine, hivyo sindano moja ya zamani ipelekwe dukani kuwa kielelezo.