Kujiandaa Nyumbani kwa Siku ya Kupimwa Ulemavu

Somo la robo hii limetokana na swali ambalo kamati za Bukoba na Muleba hutuuliza mara kwa mara. Familia yenye mtu mwenye ulemavu imeambiwa kwamba afisa atafika nyumbani kumwona, au impeleke mgonjwa hospitali apimwe ili apate haki fulani. Kamati ifanye nini kabla ya siku hiyo?

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kazi ya kamati ni kutafuta nauli. Nauli ni muhimu, hasa kwa mtu wa vijiji vya ndani asiyeweza kukaa kwenye pikipiki. Lakini tumeona watu waliofikishwa hospitali kwa gharama kubwa wakarudi na karatasi isiyosema hata nusu ya shida yao. Daktari hakuwa na nia mbaya. Aliandika alichokiona na alichoambiwa katika dakika chache, na hakuna aliyekuwa amekaa na familia mapema kuisaidia kusema yaliyopo.

Kwanza, kupimwa kwa ajili ya nini?

Tanzania Bara haina posho moja ya serikali ambayo kila mtu mwenye ulemavu anaweza kuiomba na kulipwa kila mwezi. Majirani zetu wa Kenya wanayo ruzuku ya shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kwetu kuna milango kadhaa, na kila mlango una karatasi zake. Kamati isipojua familia inabisha mlango gani, maandalizi yote yanaweza kwenda kombo.

Aliyeumia kazini akiwa ameajiriwa, awe kiwandani au kwenye shamba kubwa, mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Hapo kipimo cha daktari huwa na uzito mkubwa mno, kwa sababu ulemavu wa kudumu huandikwa kwa asilimia. Mwenye asilimia 30 au pungufu hulipwa fedha za mkupuo mmoja. Aliyezidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Tazameni jinsi tofauti ya asilimia chache inavyobadili maisha ya nyumba nzima. Ajali nayo inatakiwa iwe imetolewa taarifa ndani ya miezi 12, kwa hiyo kamati ikisikia kwamba muumini ameumia kazini isisubiri apone ndipo iulize habari za fomu. Mwanachama wa NSSF au PSSSF ambaye hawezi tena kufanya kazi naye hupita mbele ya madaktari kabla ya kupata pensheni ya ulemavu.

Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, akiwa na ulemavu yeye mwenyewe au mzazi wake, anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mlango huu husahauliwa sana parokiani, na wanafunzi huukumbuka siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Walio wengi kwetu ni wakulima wa migomba na kahawa, wasio na mwajiri wala mfuko wa pensheni. Hao hukutana na wapimaji nyumbani kwao: waandikishaji wa kaya, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa kijiji wanaojaza daftari la watu wenye ulemavu. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao awamu yake ya pili ilianza mwaka 2020, dodoso lilijazwa kwa kutembelea kaya, na kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haikutakiwa kwenda kwenye kazi za ajira ya muda. Kwa hiyo mama mwenye maumivu makali ya mgongo aliyeandikwa kuwa ana nguvu alijikuta amepangiwa kuchimba mtaro. Hata pale ambapo hakuna daktari wala koti jeupe, mazungumzo yale ya ukumbini ni kipimo.

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu"

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo hili.

Mgeni akifika nyumbani kwa Mhaya, nyumba hufagiliwa. Mzee huogeshwa, huvalishwa kanzu safi na kuketishwa kwenye kiti, hata kama siku nyingine zote hulala. Mgeni huletewa kahawa ya kutafuna. Akiuliza, "Mzee, hujambo?" mzee hujibu kwa sauti ya kiume, "Sijambo, tunamshukuru Mungu." Akiuliza kama anatembea, atasema, "Kidogo kidogo tu, tunajikongoja." Huo ni utu na adabu, na hatuwezi kumwambia mtu wa miaka 70 aache adabu aliyolelewa nayo. Lakini mgeni wa siku hiyo ana kalamu.

Maswali yanayotumika sana katika kupima ulemavu kwa njia ya mahojiano yametungwa na kundi la wataalamu wa takwimu liitwalo Washington Group, lililoanzishwa mwaka 2001. Ni sita: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kuzingatia jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, au hawezi kabisa. Kwa pendekezo la waliotunga maswali hayo, anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule ambaye angalau katika jambo moja ana shida kubwa au hawezi kabisa. Sasa angalieni lile jibu letu la "kidogo kidogo tu". Linaangukia kwenye shida kiasi, na mzee ametoka kwenye hesabu kwa sababu ya upole wake.

Kwa upande wa pili tunakataza kabisa kuigiza. Zipo familia ambazo hushauriwa na majirani zimlaze mgonjwa chini, zimchafue, zimkataze kuongea. Hilo ni kumdhalilisha mtu mbele ya watoto wake. Tena halisaidii, kwa kuwa daktari anayekagua misuli, viungo na ngozi hutambua haraka, na akishagundua uongo mmoja hataamini hata yaliyo kweli. Mzee avae kanzu yake. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya salamu, salamu ziishe, na maelezo yaanze. Tumeona inasaidia mwanafamilia mmoja kusema waziwazi: "Baba amejibu kwa heshima. Tunaomba tueleze siku yake inavyokuwa."

Daftari la siku saba

Ili siku hiyo ielezwe lazima iwe imeandikwa. Tunashauri mwanakamati mmoja amtembelee mlezi wiki mbili kabla, na waanzishe daftari la kawaida la shule. Kwa siku saba mlezi, au mtoto anayesoma, aandike: mgonjwa ameamka saa ngapi na nani alimwinua, ameenda chooni mara ngapi na nani alimshika, amekula kwa mkono wake au amelishwa, usiku ameamshwa au kugeuzwa mara ngapi, ameanguka wapi. Lugha iwe ya nyumbani, isiwe ya hospitali. "Amefika chooni kwa kushikwa na watu wawili, amepumzika mara mbili njiani" ni maneno yenye nguvu kuliko "ana udhaifu wa miguu".

Umuhimu wa daftari huonekana zaidi kwa shida ambazo hazionekani siku ya kupimwa. Mwenye kifafa anaweza kukaa mbele ya daktari mzima kabisa. Bila tarehe za mianguko, muda iliochukua na alama za kuungua aliyeangukia jikoni, daktari hana cha kushika. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa akili, ambaye wiki moja analima na wiki ya pili hajulikani alipolala. Hapo siku saba hazitoshi, na tunaomba familia iandike hata mwezi mzima au miwili.

Aandikwe na mlezi pia. Mara nyingi ni bibi au binti aliyeacha shule, na kazi yake haimo kwenye fomu yoyote mpaka mtu aitaje.

Msisahau nyumba yenyewe na kibanja. Mkoa wetu una mvua nyingi na vilima vingi. Mtu anayejivuta vizuri kwenye sakafu ya saruji ya wodi anaweza asiweze kabisa kushuka kwenye kisima, au kufika chooni katikati ya migomba wakati wa masika. Kiti cha magurudumu kilichotolewa msaada mara nyingi kimeegeshwa nyuma ya mlango kwa sababu njia haipitiki. Mpimaji akija nyumbani, mwonyesheni njia hiyo. Kama kipimo ni hospitalini, ielezeni kwa hatua na kwa mteremko.

Karatasi

Kusanyeni kila kipande: kadi ya kliniki, barua za rufaa, picha za eksirei, risiti za dawa, kitambulisho cha NIDA au barua ya mtendaji. Wengi wa waumini wetu walitibiwa Rubya, Ndolage, Kagondo au hospitali ya mkoa Bukoba miaka mingi nyuma, na walioumia katika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 wapo waliohamishwa hospitali zaidi ya moja. Kama kadi imepotea, ombeni mapema nakala ya kumbukumbu hospitalini, si asubuhi ya siku ya kupimwa. Fotokopi mbili zitengenezwe kila mara. Asili ibaki kwa familia, kamwe isibaki kwa katibu wa kamati.

Kuhusu barua za kamati tuna neno. Barua isemayo "huyu hajiwezi kabisa, asaidiwe" ikiandikwa kwa watu ishirini kwa maneno yale yale, ofisi huacha kuisoma. Andikeni mlichokiona, tarehe mlizomtembelea, basi. Na yaliyomo kwenye daftari yasitangazwe kanisani wala kwenye mkutano wa jumuiya. Maradhi ya mtu ni siri yake, na marafiki wafadhili mtatuvumilia kwamba katika kurasa hizi hatuwaletei picha za watu hao vitandani.

Siku yenyewe

Aende au awepo mtu anayemhudumia mgonjwa kila siku, si yule mwenye Kiswahili kizuri zaidi katika ukoo. Kama mgonjwa anaelewa Kihaya tu, aombe atafsiriwe neno kwa neno. Kwa kiziwi, ishara za nyumbani anazotumia na mama yake hazitoshi kwa mahojiano ya daktari. Wasilianeni mapema na walimu wanaojua lugha ya alama, kama wale wa shule ya viziwi ya Mugeza, Bukoba. Mgonjwa asipewe dawa ya ziada ya maumivu ili "aweze kukaa vizuri", wala asinyimwe dawa zake za kawaida ili aonekane mbaya. Akiulizwa, aachiwe nafasi ajibu mwenyewe kwanza. Tumeshuhudia watu wazima wenye akili timamu wakizungumziwa kana kwamba hawapo chumbani.

Afisa akija nyumbani, aje pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, na aonyeshe kitambulisho. Wengine wataona tunazidisha. Lakini mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Kamachumu, wilayani Muleba, na kuuawa. Tangu hapo hatuwezi kuiambia familia yoyote imkaribishe mgeni asiyejulikana anayekuja kuuliza habari za mtoto wao. Familia ikikataa kumpokea asiye na utambulisho, kamati iisimamie.

Kabla mpimaji hajaondoka, au kabla hamjatoka hospitali, muulizeni kwa heshima mambo mawili: ameandika nini, na majibu yatatolewa wapi na lini. Andikeni jina la ofisi na tarehe kwenye daftari lile lile. Majibu yakija pungufu, ukurasa huo na zile siku saba ndivyo vitu vya kwanza vya kuambatisha kwenye barua ya kuomba kupimwa upya.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

Katika kila jumuiya ya parokia yetu, ni nyumba ipi yenye mtu ambaye hatujamwona kanisani wala sokoni kwa mwaka mzima, na nani atakwenda? Ni nani kati yetu aliyeajiriwa zamani na kuumia kazini bila kudai? Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha sita watahitaji uthibitisho wa mganga mkuu mwaka huu? Na fungu la kamati la nauli, je, lina sehemu iliyotengwa kwa ajili ya daftari, fotokopi na kurudi hospitali mara ya pili?