SOMO LETU: KUZIBA MLIZAMU UNAOVUJA



Katika somo hili twapenda kuzungumza juu ya mlizamu, yaani ule mfereji wa bati au wa plastiki upitao chini ya ukingo wa paa na kupokea maji ya mvua. Huenda mwanachama akauliza: mlizamu na karafuu vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Mvua za Vuli hunyesha baina ya Oktoba na Disemba, na mara nyingi hutukuta karafuu zimeanuliwa kwa haraka na kurundikwa ndani zikingojea jua. Mlizamu ukivuja, maji huteremka ukutani, huingia sakafuni, na karafuu za chini hulowa. Karafuu iliyolowa ikakaa rundo huchachuka, hupauka rangi na kupoteza daraja. Hivyo jasho la msimu mzima huharibiwa na tundu lisilozidi punje ya mtama.

Ukuta nao haupati salama. Ukuta wa udongo unaolowa kila mvua hulainika chini, mwisho hupinda. Wazee wamesema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kuwa tone na tone hubomoa nyumba.

Tena yako maji yenyewe. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina eneo la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25 itailetea lita 1,200. Tukiondoa moja ya tano kwa yanayomwagika, zabaki lita 960, nazo ni ndoo 48 za lita 20. Mwanachama na ahesabu mwenyewe ni safari ngapi za kisimani watu wa nyumbani mwake wangepumzika.

KUTAFUTA PANAPOVUJA. Kwanza ondoa majani na matope yote, kwani uchafu unaokaa na unyevu ndio mama wa kutu. Kisha ziba mdomo wa mlizamu kwa tambara, mimina maji polepole kutoka upande wa juu, na mtu mwingine asimame chini atazame. Usitazame pale yanapodondoka tu. Maji hutambaa chini ya bati kabla ya kuanguka, na tundu laweza kuwa mbali kidogo. Ukiliona, litie alama ya chaki.

Mara nyingine utakuta hapana tundu hata moja, bali mlizamu umelegea katikati na maji yanafurika ukingoni. Hapo dawa si kuziba bali ni kuinua. Vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kaza vishikizo hata mteremko upate sentimita 1 kwa kila mita 2. Maji yasituame, maana penye maji yaliyosimama mbu huzaa.

KUZIBA TUNDU LA KUTU.
1. Ngoja mlizamu ukauke kabisa.
2. Sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka bati safi lionekane. Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu hushika kutu, hakishiki bati, nacho hubanduka mvua ya kwanza.
3. Kata kipande cha bati la namna ile ile, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande.
4. Paka silikoni ya kuzibia kuzunguka tundu, bandika kiraka kwa ndani, kibane kwa ribiti, kisha paka tena kingoni na juu ya vichwa vya ribiti.
5. Acha siku nzima bila ya kutia maji.

Usitumie msumari wa shaba juu ya bati la zinki. Shaba huila zinki, na kutu huingia upesi.

KUZIBA KIUNGO. Vipande viwili vikiungana, kile cha upande yanakotoka maji kilale ndani ya kile cha upande yanakokwenda. Kikiwekwa kinyume, maji yataingia baina yao hata ukipaka silikoni ya mkebe mzima. Silikoni ya zamani ibanduliwe yote, kwa kuwa mpya haishiki vyema juu yake. Mlizamu wa plastiki hutanuka kwa jua, basi viungo vyake viachiwe nafasi ndogo, na mpira wa ndani ukikatika ubadilishwe.

TAHADHARI. Ikiwa maji yako ni ya kunywa au kupikia, usikubali fundi alehemu kwa lehemu yenye risasi, wala usipake lami ndani ya mlizamu. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Kadhalika, maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe nje, kwani huosha vumbi na mavi ya ndege yaliyo juu ya paa.

Na jambo la mwisho: apandaye mkarafuu mrefu asidharau ngazi fupi. Ardhi ikiwa imelowa, ngazi huteleza. Mtu mmoja aishike. Makali ya bati hukata, basi vaeni glovu.

Mlizamu uliooza kila mahali hauna haja ya viraka, ubadilishwe. Lakini wenye matundu mawili matatu hutengenezwa kwa asubuhi moja. Masika huingia mwezi wa Machi. Kwa hivyo twawaomba wanachama wafanye kazi hii katika kiangazi, bati likiwa kavu, kisha mvua ya kwanza ikinyesha kila mmoja azunguke nyumba yake na ghala lake atazame kuta. Ukuta ukiwa mkavu, Inshallah na karafuu zitakuwa kavu.

Wenu, Katibu wa Chama