Ala ya Kalamu ya Risasi

Mtoto wa Goweko akinunua kalamu ya risasi dukani, hupata kitu kizuri kilichonyoka, chenye rangi ya kung'aa. Hukitia mfukoni, akaenda zake mbio. Baada ya siku tatu hukaa darasani akichonga, na kila anapochonga, ncha huanguka mezani yenyewe kabla haijaandika neno. Huchonga tena, ikaanguka tena. Jumamosi kalamu imekuwa fupi kama kidole, na mtoto husema, "Mwenye duka ameniuzia kalamu mbovu."

Aghalabu mwenye duka hana hatia. Kosa lilitendeka njiani.

Jina "kalamu ya risasi" latupoteza kidogo, maana ndani yake hamna risasi kabisa. Kile kiini cheusi ni madini yaitwayo grafiti, yaliyosagwa yakachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha yakachomwa tanuruni. Mwaka 1795 Mfaransa aitwaye Conté alipewa hati ya kazi hiyo. Nchi yake ilikuwa vitani, na grafiti safi ya Uingereza haikuweza kuingia, basi ikawapasa kutumia kidogo waliyokuwa nayo kwa kuichanganya na udongo. Hata leo kalamu nyingi hufanywa hivyo. Mti unaokizunguka kiini sharti uwe laini, unyoke, uchongeke bila kupasuka. Mti wa mwangati, unaoota katika milima ya Usambara na katika nyanda za juu za Kenya, ulipendwa sana kwa kazi hiyo, na zamani za Wadachi magogo yake yaliteremshwa kwa njia ya waya kutoka Shume mpaka Mkumbara penye reli.

Kama kiini ni udongo uliochomwa, basi ni ndugu yake chungu. Chungu huvumilia moto, lakini hakivumilii kuanguka. Kalamu ikianguka juu ya jiwe, mti wa nje hauonyeshi alama, bali kiini chake hukatika ndani, pengine mahali patano au sita. Ndiyo maana ncha huanguka moja baada ya moja. Mwenye kalamu haoni jeraha mpaka siku ya kuchonga.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko kupoteza kalamu. Kalamu iliyochongwa, ikisimama mfukoni bila kifuniko, ni kama mshale. Mtoto akijikwaa huku anakimbia, ncha yaweza kuingia pajani au kifuani, na kipande chake kikabaki ndani ya nyama. Mzazi akimwona mtoto wake anakwenda mbio na kalamu wazi mfukoni, yafaa amsimamishe palepale.

Basi kalamu yahitaji ala, kama kisu. Lakini ala ya namna gani?

Kijana mmoja wa darasa la sita alimwendea babu yake na swali hilo. Babu alikuwa mrina asali wa miaka mingi, mwenye mizinga katika pori upande wa kusini wa reli. Kijana alikuwa amekwisha kujaribu mara mbili, na mara mbili ameshindwa. Kwanza alipata mkebe wa bati. Kalamu zilicheza ndani yake zikilia kama njuga, na mpaka jioni ncha zote zimekatika. Tena ukingo wa bati ulikuwa umemtoboa mfuko. Mara ya pili alikata mwanzi mbichi bondeni, akauziba kwa gunzi la hindi. Ulikuwa mzuri kwa majuma mawili. Kisha jua la kiangazi likaukausha, ukapasuka toka juu hata chini, na siku hiyohiyo gunzi likapotea. Wino wa kuandikia ramani alikuwa nao, rula alikuwa nayo, ila kalamu ya kuchorea mipaka hakuwa nayo, akapata alama sifuri katika somo alilolijua.

Babu alicheka. "Mwenzangu," alimwambia, "mwanzi huo uliukata wakati gani?"

"Mwezi wa tatu, babu."

"Mvua zikali bado zanyesha! Wakati huo mwanzi umejaa maji, tena una utamu ndani yake, na wadudu wautaka kuliko wewe. Ungaliuacha mpaka kiangazi, ukauchagua uliokomaa, ukaulaza kivulini mwezi mzima, usingalikufanyia hivyo."

Ndivyo ilivyo. Mwanzi ni mrija ulioumbwa tayari. Una ukuta mgumu, na fundo lake ni kitako kisichohitaji gundi wala msumari. Adui zake ni wawili: mdudu anayekula wanga uliomo ndani, naye huupenda zaidi mwanzi uliokatwa wakati wa mvua, na ufa, unaokuja ukikaushwa upesi juani. Mwenye subira huwashinda wote wawili.

Kisha babu akaingia ndani, akatoka na kilindo cha zamani. Katika Unyamwezi kilindo hufanywa kwa gome la mti wa miombo. Gome hubanduliwa mvua zinapokuwapo, wakati utomvu unapopanda na gome kuachana na mti upesi. Hukunjwa duara, hushonwa kwa nyuzi za gome lenyewe, hutiwa kitako. Wenyeji wa nchi hii wameweka ndani yake nafaka, nguo, na vitu vya thamani. Mizinga mingi ya asali nayo ni ya gome.

Nguvu ya gome yajulikana hata katika habari za safari kubwa. Dr. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliufunga mwili wake katika nguo, wakauweka ndani ya gome lililobanduliwa zima kama bomba, wakashona turubai juu yake. Vitabu vyake vya habari, ambavyo vingi viliandikwa kwa kalamu ya risasi njiani, wakavichukua pia. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe karibu na Tabora. Huko mbele waliuondoa mwili katika gome, wakaufunga upya mfano wa mtumba wa nguo, ili wenye vijiji wasiwazuie. Na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Njia ya misafara waliyoishika ilipita katika nchi hiihii, na majina ya Tura, Rubuga na Kigwa yamo katika vitabu vya wasafiri wa siku zile. Mpagazi wa Kinyamwezi alijua kwamba mzigo usiofungwa sawasawa utamtesa mpaka pwani. Akiuona unacheza, huutua akaufunga tena.

Kijana alitaka mara moja kubandua mti mzima. Babu akamkataza. Mti ukivuliwa gome duara lote hufa, na kuua mti kwa ajili ya kalamu mbili si akili. Alimwonyesha kilindo kwa sababu nyingine. "Tazama kifuniko," alisema. "Kimeingia ndani ya mdomo, au kimevaa nje?"

"Kimevaa nje, babu."

"Na gunzi lako?"

Kijana akafahamu. Kizibo kinachoingia ndani huongoza maji yaingie. Tena hutanuka kikilowa, kikapasua mdomo wa mwanzi. Kifuniko kinachovaa nje humwaga maji chini kama paa la nyumba.

Wakapima kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokosea, maana hufanya ala kabla ya kuupima mfuko. Kalamu mpya ina urefu wa inchi 7 hivi. Mfuko wa shati la kijana ulikuwa na kina cha inchi 5 tu. Ala ya inchi 8 ingaliinama nje ya mfuko na kuanguka kila alipoinama kuchota maji. Babu akachukua kalamu mpya, akaizungushia kisu katikati, akaikata vipande viwili vya inchi 3 na nusu. Kijana aliona uchungu, lakini akafikiri: kipande kimoja kikipotea, kingine kipo, na kipande kifupi hakikatiki upesi kama kirefu.

Mwanzi mkavu waliouchagua ulikuwa na tundu la robo tatu ya inchi. Waliukata kwa msumeno chini kidogo ya fundo, wakaacha kina cha inchi 4 ndani. Mdomo wakausugua kwa majani ya msasa mpaka ukawa laini. Katika fundo wakatoboa tundu dogo kwa msharasi uliotiwa moto. Kijana aliuliza tundu hilo ni la nini. Babu alimwambia angoje. Baadaye, kifuniko kilipokaza, aliziba tundu kwa kidole akavuta. Kifuniko hakikutoka upesi, maana hewa haikuwa na njia ya kuingia. Alipoondoa kidole, kikatoka. Tena maji yakiingia kwa bahati mbaya, yana njia ya kutokea.

Kazi iliyowachukua muda mrefu ilikuwa ngozi. Walitwaa kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi, isiyotiwa dawa, wakakilowesha usiku kucha mpaka kikalegea kama nguo. Wakakizungusha juu ya mwanzi toka kitako, wakaacha inchi 1 na nusu ya mdomo wazi, wakakishona kwa ukano huku wakikivuta. Ngozi mbichi ikikauka hunywea, tena hunywea kwa nguvu sana; ndiyo siri ya ngoma na ya mpini wa kisu uliofungwa kwa ngozi. Ilipokauka iliukaba mwanzi pande zote, hata mwanzi ukitaka kupasuka hauna nafasi ya kufunguka.

Kifuniko nacho kilifanywa kwa ngozi hiyohiyo juu ya mdomo uleule, lakini kwanza mdomo ulizungushiwa karatasi mara mbili. Bila karatasi kingalikauka kikashika, kisitoke tena. Karatasi ilipoondolewa, ikabaki nafasi ndogo, kikawa chateleza kwa kukaza kidogo. Uzi ulipitishwa katika matundu mawili ya kifuniko na vitanzi viwili vya ubavuni, ukafungwa chini. Hivyo kifuniko hupanda na kushuka, lakini hakiwezi kupotea kama gunzi.

Ngozi mbichi ina udhaifu wake: ikilowa hulegea tena. Kwa hiyo walipasha moto ala kidogo, wakaipaka nta ya nyuki, hasa penye mshono, wakasugua kwa kitambaa. Katika nchi ya Tabora nta si kitu cha kutafuta mbali. Lakini nta haimzuii panya, naye hupenda sana ngozi. Ala sharti itundikwe usiku.

Mwisho walitia pamba kidogo chini, wakasimamisha vipande viwili vya kalamu, ncha zikiwa juu. Kama ncha zingalikuwa chini, kila ala inapoanguka uzito wote wa kalamu ungaliziangukia. Nafasi iliyosalia walijaza kwa kitambaa, ambacho pia ni cha kufutia mikono. Kijana akatikisa ala karibu na sikio. Haikulia.

Babu alitaka ijaribiwe kwa vipande vya zamani kabla ya kutiwa kalamu nzuri. Ilidondoshwa mara kumi toka urefu wa bega juu ya ardhi ngumu ya uani, ikatiwa chini ya mchirizi wa maji, ikakaliwa. Vipande vilipochongwa, ncha zilisimama.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza, kijana alikuwa bado na vipande vyake viwili. Kimoja kilipofika inchi 1 na nusu, hakikushikika tena vizuri mkononi. Alikichomeka katika mdomo wa tete jembamba, akalifunga kwa uzi, kikaandika majuma matatu mengine.